Rangi ya Kanga Kuukuu: Maabara Inasoma Nini Ndani ya Uzi?

Kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, kanga kuukuu ikishatundikwa ukutani haichelewi kupewa sifa mbili: ni ya zamani sana, na rangi yake ni ya asili, ya majani na mizizi. Mnunuzi huzilipia zote mbili kwa pamoja, kana kwamba moja ni ushahidi wa nyingine. Kwa kanga, sifa hizo mara nyingi hugombana. Kanga za kuchapishwa zilienea pwani yetu katika robo ya mwisho ya karne ya 19, zikitoka viwanda vya Ulaya, na wakati huo wachapaji wa huko walikwisha kuzizoea rangi za kutengenezwa. Kanga inaweza kuwa kongwe kweli, na rangi yake ikawa ya kiwandani tangu siku ya kwanza.

Mkanganyiko mwingine huzuka mtu akisikia kwamba kijana fulani anasomea shahada ya uzamivu katika kemia ya rangi za nguo za kale. Miaka 3 au 4, kwa rangi tu? Wapo wanaodhani anajifunza kupiga batiki. Wapo ambao wakisikia maabara akili inakwenda kwa Mkemia Mkuu: sumu, dawa za kulevya, vinasaba vya kujua baba wa mtoto. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, uhifadhi unazungumzwa sana Unguja, ila karibu kila mara ni uhifadhi wa mawe, chokaa na boriti. Nguo zimesahauliwa, ingawa ndizo zinazooza mapema zaidi.

Kwanza, rangi yenyewe. Rangi ya nguo ni molekuli inayoyeyuka kwenye maji, ikaingia ndani ya unyuzi na kubaki humo. Rangi ya ukutani ni vumbi lisiloyeyuka, linaloshikwa juu kwa gundi. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu maabara inachofanya, kwa ufupi, ni kuirudisha safari: kuitoa molekuli ndani ya unyuzi, kuiyeyusha tena, na kuitambua.

Molekuli hushika nguo kwa njia mbalimbali. Manjano hushika pamba yenyewe, na ndiyo maana doa la mchuzi halitoki kirahisi, ingawa jua hulimaliza. Mzizi wa rubia, uliotoa wekundu kwa karne nyingi India, Uajemi na Ulaya, haushiki pamba mpaka nguo itangulizwe dawa ya kushikisha, hasa shabu. Mzizi ule ule ukishikishwa kwa shabu hutoa nyekundu. Ukishikishwa kwa chuma hutoa zambarau iliyoiva au weusi. Kwa hiyo anayetazama kwa jicho akasema "nyekundu hii ni mmea huu, na nyeusi hii ni mmea mwingine" anabahatisha, hata akiwa amefanya biashara ya nguo miaka arubaini.

Nili ina tabia ya peke yake. Haiyeyuki kwenye maji kabisa. Mtia rangi huiondolea oksijeni ndani ya pipa mpaka igeuke maji ya kijani-manjano, huizamisha nguo, kisha akiitoa hewani rangi hurudia ubuluu mbele ya macho yake. Kaniki, pamba iliyozamishwa hivyo tena na tena mpaka ikakaribia weusi, ilikuwa ikimpaka mvaaji mwilini kwa sababu hiyo: nili haikufungamana na pamba, imekwama tu ndani na juu ya nyuzi.

Halafu zikaja rangi za kiwandani, na hapa tarehe ndizo zenye kazi. William Henry Perkin alitengeneza zambarau ya kwanza mwaka 1856. Majenta ilifuata mwaka 1859. Mwaka 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann walifaulu kuiunda alizarini, molekuli kuu ya mzizi wa rubia, na katika muongo uliofuata mashamba ya mzizi huo yakaporomoka. Kongo nyekundu, rangi ya kwanza ya aina yake iliyoshika pamba bila dawa ya kushikisha, ni ya mwaka 1884. Nili ya kiwandani iliingia sokoni mwaka 1897. Rangi zinazofungamana na pamba moja kwa moja, zinazotumika sana leo, zilianza kuuzwa mwaka 1956.

Tarehe hizi zina upande mmoja tu wa makali. Nguo yenye rangi ya mwaka 1956 haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Hilo ni la uhakika, isipokuwa kama ilitiwa rangi upya baadaye. Lakini nguo yenye alizarini ya kiwandani inaweza kuwa ya 1875 au ya miaka mingi baadaye. Na nguo yenye mzizi halisi inaweza kuwa imetiwa rangi mwaka jana na fundi anayependa mambo ya asili. Hakuna mashine ya rangi inayotoa mwaka. Anayekuuzia nguo kwa maneno "imepimwa, ina miaka 150" muulize kilichopimwa ni nini.

Kazi yenyewe huanza bila kukata chochote. Nguo hutandazwa, hupigwa picha pande zote mbili, na nyuzi hutazamwa kwa hadubini. Unyuzi wa pamba ni bapa na umejisokota, hariri ni laini na inang'aa, sufu ina magamba. Kisha huwashwa taa ya mwanga wa urujuanimno gizani. Nguo ikimeta ubuluu-weupe, ina dawa za kung'arisha zilizoingia kwenye sabuni za unga katikati ya karne ya 20. Wengi hukimbilia kusema nguo ni mpya. Si lazima: kanga ya mwaka 1900 iliyofuliwa mara moja kwa sabuni ya unga mwaka 1970 nayo itameta.

Kipimo kingine kisichogusa ni cha kurusha mwanga mweupe juu ya nguo na kupima unaorudi. Nyekundu ya rubia humeza mwanga zaidi karibu na nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 510 na 540. Nyekundu za wadudu, kama kochinili na laki, karibu na 525 na 565. Nili humeza karibu na 660. Kipimo huchukua sekunde chache na huweza kufanyika makumbusho bila kuisafirisha nguo. Udhaifu wake ni kwamba kinaona jumla. Kijani kilichopatikana kwa kuchanganya nili na manjano kitaonesha nili vizuri, na manjano yaliyopauka hayataonekana. Mashine ya eksirei ya mkononi nayo husaidia kuona chuma, shaba ya mrututu, bati au kromu, lakini shabu huikwepa, kwa kuwa alumini iliyomo ndani yake ni nyepesi mno na hewa huumeza mwanga wake njiani.

Ndipo hufika zamu ya sampuli. Watu wengi wanaogopa hapa, wakidhani kanga nzima itatumbukizwa kwenye asidi. Kinachochukuliwa ni uzi wa milimita 5 hivi, wenye uzito wa miligramu 0.1 hadi 0.5, kutoka kwenye pindo, mshono wa ndani au uzi uliokwisha kuchomoka. Kila rangi ina sampuli yake. Kwenye nguo ya kufumwa kama kikoi hili ni jepesi, maana uzi mwekundu ni mwekundu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kanga ni taabu. Kanga huchapishwa, na uzi mmoja hupita kwenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ndani ya sentimita 2. Kisutu, aina ya kanga, ndicho kigumu kuliko vyote, kwa vile mistari yake ni myembamba na nyeusi imekaa ubavuni mwa nyekundu. Sampuli hukatwa chini ya hadubini, milimita 2 au 3, na ikigusa mpaka wa rangi hutupwa.

Makosa mengi huzaliwa hapa kuliko kwenye mashine. Sampuli ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki, dawa za kulainisha plastiki huhamia kwenye uzi na kujitokeza kwenye matokeo; chupa ndogo ya kioo au karatasi ya alumini ni salama. Glavu hazina mjadala, na Zanzibar kuna sababu ya ziada: mkono wenye hina. Losoni, molekuli inayotia rangi ya hina, huhamia kwenye uzi kwa jasho, na mtafiti asiye makini atatangaza kwamba nguo ilitiwa rangi kwa hina. Nguo iliyofukizwa udi miaka mingi nayo hubeba mabaki ya utomvu na moshi. Ndiyo maana kila kundi la sampuli huambatana na moja tupu, isiyo na uzi ndani, inayopitishwa hatua zote zile zile. Kinachoonekana kwenye tupu kinafutwa kwenye zilizobaki.

Kuitoa rangi kwenye uzi kuna mapishi yanayojulikana tangu miaka ya 1980: asidi ya hidrokloriki kali ya asilimia 37, methanoli na maji, kwa uwiano wa 2:1:1, jumla mililita 0.4 tu, ikipashwa nyuzijoto 100 kwa dakika 10. Asidi huvunja kifungo baina ya rangi na shabu, na rangi ikaachiliwa. Maji hukaushwa, masalio huyeyushwa tena kwa matone machache ya methanoli, na huzungushwa kwa kasi ili vumbi litue chini.

Mapishi haya ni ya nguvu mno kwa baadhi ya rangi. Katika mimea, molekuli nyingi za rangi hufungwa na sukari, na namna ilivyofungwa husaidia kumtambua mmea. Asidi kali huikata sukari hiyo, na mimea miwili tofauti hubaki ikionesha kitu kimoja. Kwa hiyo siku hizi wengi hutumia njia ya upole kwanza: asidi ya fomiki au ya oksaliki, joto dogo, muda mrefu kidogo. Nili haijali njia yoyote kati ya hizo. Inataka kiyeyushi chake, dimethili sulfoksidi ya moto. Mwanafunzi mzuri hupitisha uzi mmoja kwenye njia mbili mfululizo, kwa kuwa hatapewa uzi wa pili.

Wakati mwingine chupa hubaki nyeupe na uzi ukabaki mwekundu vile vile. Mgeni wa kazi huandika "imeshindikana". Kumbe hilo lenyewe ni jibu. Rangi zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1956 zimefungamana na pamba kikemia, na asidi ya kawaida haziachii. Hutolewa kwa magadi makali ya moto. Nyekundu nyingine za kiwandani za karne ya 20 zilijengwa ndani ya nguo kwa kuunganisha kemikali mbili papo hapo, nazo pia hukaidi.

Tone lililopatikana sasa huingizwa kwenye mashine ya kutenganisha. Moyo wake ni mrija wa chuma wa sentimita 15 hivi, uliojazwa chembe laini sana zenye asili ya mafuta, na kimiminika husukumwa ndani kwa shinikizo. Chukua watu wanaotoka Darajani kwa pamoja kwenda Forodhani kupitia Mkunazini. Asiyependa maduka anafika mwanzo; anayesimama kila mlango kuuliza bei anafika mwisho, ingawa njia ni moja na waliondoka wakati mmoja. Ndani ya mrija, molekuli zinazopenda maji hupita haraka, na zinazopenda mafuta husimama kila chembe. Zote hutoka ndani ya nusu saa hivi, kila moja na dakika yake.

Mwisho wa mrija kuna mashahidi wawili. Wa kwanza hupima rangi ya mwanga inayomezwa na kila molekuli inapotoka. Wa pili huipima uzito. Kwa nini wote wawili? Nili yenyewe ina uzito wa molekuli wa 262. Indirubini, mwenzake mwekundu-zambarau anayepatikana kwa kiasi kidogo kwenye nili ya mmea, naye ana 262. Uzito peke yake hauwatofautishi. Dakika za kutoka na mwanga unaomezwa huwatofautisha mara moja.

Suala la nyekundu ndilo lenye mitego mizuri zaidi, na kwa kanga za zamani ndilo lenye maana. Tuseme mashine imetoa alizarini, uzito 240. Je, ni mzizi au kiwanda? Alizarini ni ile ile, na anayesema ya asili ina "roho" yake hana kipimo cha kuionesha. Jibu limo kwa wanaoandamana nayo. Rubia ya Ulaya na Mashariki ya Kati hubeba alizarini pamoja na purpurini, yenye uzito wa 256. Rubia ya India hubeba purpurini na munjistini, na alizarini kidogo sana. Alizarini ya viwanda vya karne ya 19 haikuwa safi. Iliandamana na antrapurpurini na flavopurpurini, mabaki ya jinsi ilivyotengenezwa. Nazo zote mbili zina uzito wa 256, sawasawa na purpurini! Aliyetazama uzito tu ataona 256, aandike "purpurini, mmea", na kosa lake lipo tayari kwa kuchapishwa. Aliyetenganisha vizuri ataona kilele, yaani mwinuko wa molekuli hiyo kwenye mchoro wa mashine, kimetoka dakika nyingine.

Mtego wa pili ni wa kinyume. Kusini mwa India kuna mmea mdogo, Oldenlandia umbellata, ambao mizizi yake ina alizarini bila purpurini, na ulitumika kwa pamba za kuchorwa zilizosafirishwa bahari yote hii. Ukipata alizarini pweke ukasema "kiwandani", huenda umemnyang'anya fundi wa Koromandeli, pwani ya kusini-mashariki mwa India, kazi yake.

Je, mimea yetu? Hapa ndipo hasa miaka ya uzamivu inapokwenda. Mashine hutambua kwa kulinganisha, na haiwezi kulinganisha na kitu ambacho hakijawahi kuingizwa. Maktaba nyingi za rangi duniani zimejaa mimea ya Ulaya na Asia. Anayetaka kufanya kazi ya pwani yetu lazima atie pamba na ukindu rangi kwa mikono yake: mdaa, ambao mizizi yake ilitia ukindu weusi, mhina, mzingefuri, mnili, magome ya mkandaa na mkoko kutoka Pemba au Chwaka. Kila mmoja kwa shabu, kwa chuma na bila kitu, kisha nusu ya vipande aviweke chini ya taa kali wiki kadhaa ili vizeeke, maana rangi iliyozeeka haifanani na mpya. Nili ikiungua kwa mwanga huacha isatini. Manjano yakipauka huacha vipande vidogo, vanilini mojawapo. Asiyeyajua mabaki hayo atasema nguo haikuwahi kuwa na manjano.

Magome ya mikoko yana shida yake. Tanini zake ni molekuli kubwa, zilizoshikamana, na hazitoki kwenye mrija kwa kilele safi. Ripoti nyingi huishia "tanini, mmea haukutambuliwa", na mtafiti anayedai zaidi ya hapo inafaa aoneshe alivyofika.

Na marere? Kuvu-mwani huyu wa miti na miamba ya pwani alipitishwa Unguja kwa wingi karne ya 19 kwenda Ulaya, kutengenezea zambarau. Inavutia kumtafuta kwenye kanga. Lakini zambarau yake ni ya hariri na sufu. Pamba haimshiki ipasavyo. Zao kupita bandarini hakumaanishi lilivaliwa mtaani.

Buluu nayo ina mzaha wake. Weupe wa kanga ukionekana na ubuluu kidogo, mtu anaweza kudhani nili imechuruzika. Mara nyingi ni buluu ya kufulia. Aina iliyozoeleka ni unga wa ultramarini, haiyeyuki, na haionekani kwenye mrija. Ikidondoshewa asidi hupoteza rangi na kutoa harufu ya yai bovu.

Kwa mwenye nguo sandukuni, kemia hii ina faida ya karibu. Sehemu nyeusi za nguo za zamani hupasuka kabla ya nyingine kwa sababu weusi wa chuma na tanini hula pamba polepole, na weusi wa anilini wa viwanda vya karne ya 19 ulitengenezwa kwa dawa zilizouchosha uzi tangu mwanzo. Nguo kama hiyo isikunjwe kwenye mstari mweusi, isifuliwe, isipigwe pasi. Ikunjwe pamoja na bafta nyeupe iliyofuliwa bila buluu, ndani ya boksi, si mfuko wa nailoni unaofungia unyevu wa masika. Mwanga hauna marekebisho. Makumbusho huonesha nguo kwa lukisi (kipimo cha ukali wa mwanga) 50 hivi, hafifu kuliko sebule ya kawaida usiku. Na uandikwe mwaka na mahali iliponunuliwa, na nani alikuwa akiivaa, kwenye karatasi iwekwe pembeni, isibandikwe.

Karatasi hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ripoti ya maabara ikirudi na maneno "alizarini, antrapurpurini, flavopurpurini, shabu, weusi wa anilini", inachosema ni kwamba nyekundu ni ya kiwandani na ya baada ya 1868. Kuchagua baina ya mwaka 1890 na 1930 kutatoka kwenye mchoro, upana wa kitambaa, maandishi kama yapo, na kumbukumbu za familia. Na ikirudi na "haikubainika", muulize mtafiti njia gani zilijaribiwa na kama uzi wowote umebaki. Kwa kawaida milimita moja au mbili huwekwa akiba kwenye chupa, kwa ajili ya njia ambayo bado haijajaribiwa.